Colin Chapman: mutoka uliozaliwa nyuma ya nyumba



Ukitembea mu cité zetu za Likasi, iwe Kikula, iwe Panda, iwe Shituru, hautakosa kuona mutoka umekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Mapine yameenda, vioo vimeenda, kuku wanataga ndani. Mama wa nyumba anauliza kila mwaka ni lini watautosha pale. Baba anamwomba angoje, juu moteri ingali nzima. Sisi majirani tunacheka.

Leo nataka kuwaelezea maisha ya mtu mmoja aliyeanza na mutoka wa namna ile ile, mu garaji ya namna ile ile, na akafika kuwashinda Ferrari. Nitasema pia vile alivyomaliza. Sisi watu wa sendika hatusomi maisha ya mtu nusu, sawa vile hatusomi fishi ya mushahara nusu.

Jina lake ni Colin Chapman. Alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 pale Richmond, pembeni ya London, mu Uingereza. Alikomalia Hornsey, kaskazini ya ule muji, ambako baba yake alikuwa anaendesha hoteli iliyoitwa Railway Hotel. Hawakuwa maskini, lakini hawakuwa watu wa ukoo mukubwa pia. Vita ya pili ya dunia ilimukuta mutoto wa miaka kumi na moja. Mwaka 1945, vita ikimalizika, aliingia ku University College London kusomea uhandisi wa majengo: madaraja, nguzo, paa za chuma, vile uzito unapita ndani ya chuma mpaka ufike chini. Mushike neno hili vizuri, maana njo siri ya kazi yake yote. Huyu mtu hakusomea mitoka. Alisomea vitu vinavyosimama bila kuanguka. Wakati ule ule alijifunza kurusha ndege mu kikosi cha wanafunzi, na mule aliona ginsi ndege inakuwa nyepesi na nguvu pamoja.

Uingereza ya miaka ile ilikuwa na njaa ya vitu. Chuma kilikuwa kidogo, serikali ilitaka mitoka mipya iuzwe inje ili ilete franga za kigeni, na raia aliyetaka mutoka mupya aliandikwa ku liste akangoja miaka. Kwa hiyo mitoka ya zamani ilikuwa na bei. Chapman na mwanafunzi mwenzake walianza kununua mikweche, kuitengeneza na kuiuza. Walikuwa wanaifungia mu garaji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa musichana mumoja, Hazel Williams, pale Muswell Hill. Biashara ilienda vizuri.

Halafu mwisho wa mwaka 1947 serikali ikakata mafuta ya mitoka ya watu binafsi. Siku moja mitoka ilikuwa mali, siku ya pili ilikuwa mabati. Bazee wetu wanaokumbuka mwisho wa 1979, wakati noti za zaire 5 na za zaire 10 zilipokufa ndani ya mifuko ya watu, hawahitaji nieleze zaidi. Chapman aliuza kwa hasara, na faida yake yote ikaisha. Ulibakia mutoka mumoja tu ambao hakuna mtu alitaka: Austin Seven ya zamani.

Ule mutoka ulikuwa mudogo kabisa. Moteri yake ilikuwa ya sentimeta kubu 747, ndogo kuliko moteri ya pikipiki kubwa ya leo. Lakini uliundwa kuanzia 1922 mpaka 1939, karibu mitoka 290,000. Maana yake mapiese yake yalipatikana kila mahali, bei chini, na kila fundi aliujua. Hapa somo la kwanza, na mafundi wetu wa Likasi wanalijua bila kusoma kitabu: ukitaka kuunda mutoka kutoka mutoka mwingine, usichague ule wenye sura nzuri. Chagua ule ambao mapiese yake unayakuta ku soko hata siku ya mungu.

Chapman hakutengeneza ile Austin irudi sawa vile ilikuwa. Aliivua mwili wote. Vitu vinavyofanya mutoka utembee, moteri, sanduku la vitesi, ekseli, usukani, freni, alivihifadhi. Hivi njo gharama kubwa ya mutoka, na hivi njo mtu hawezi kuvitengeneza nyumbani. Mwili anaweza. Shasi ya Austin ilikuwa wazi upande mumoja, sawa mufereji wa maji. Akaifunga kwa chuma ikawa sawa kisanduku, ikakataa kujipinda. Halafu akajenga mwili mupya wa mbao nyembamba zilizobandikwa bati la aluminiyo, na kuta ndogo za kukata katikati, ginsi ya ndege. Hazel alikuwa pale, anasaidia kwa mikono yake. Mwaka 1948 kazi ikaisha. Akaenda kuuandikisha sawa mutoka mupya, na akaupa jina: Lotus.

Aliupeleka ku mashindano ya kupanda vilima vya matope, na mutoka ukapanda. Alikuwa na miaka makumi mawili.

Baada ya hapo alitumika kidogo mu jeshi la ndege, akapata diploma yake ya uhandisi, akaingia kazi ku kampuni ya aluminiyo, British Aluminium. Mchana kazi ya tajiri, usiku kazi ya garaji. Ndugu wawili wa jirani, Michael na Nigel Allen, walikuwa na garaji yenye vyombo vizuri zaidi, wakaungana naye. Mwaka 1951 akaunda Lotus ya tatu, tena juu ya Austin Seven, kwa mashindano ya mitoka midogo. Ile moteri ya Austin ilikuwa na silinda nne lakini milango miwili tu ya kuingiza hewa, silinda mbili zikigombania mulango mumoja. Chapman alipasua kila mulango kwa kipande chembamba cha chuma, kila silinda ikapumua peke yake. Wapinzani hawakumuona tena isipokuwa mugongo. Waliotunga sheria ya mashindano wakabadilisha sheria ili asirudilie. Ule mtindo ulikuwa wake maisha yote: alisoma sheria sawa vile muvuvi anasoma wavu, akitafuta tundu.

Tarehe 1 Januari 1952 alifungua kampuni yake na Michael Allen. Mahali palikuwa mazizi ya zamani ya farasi nyuma ya ile Railway Hotel ya baba yake. Mutaji ulikuwa pauni 25, na zile pauni zilitoka mu mufuko wa Hazel. Walioana mwaka 1954. Tunaposema Chapman alijenga Lotus, tusimusahau yule mama aliyelipa msumari wa kwanza.

Ku yale mazizi njo kulizaliwa kitu kilichobadilisha maisha ya vijana wengi: Lotus ya sita, mutoka unaouzwa vipande vipande. Wewe munuzi ulilipa fremu na mabati ya mwili. Halafu ulitafuta Ford ya zamani, mara nyingi yenye moteri ya sentimeta kubu 1172, ukaivua moteri, vitesi, ekseli na vingine, ukavifunga ku fremu mupya nyuma ya nyumba yako. Mutoka wa zamani ulikufa, mwingine ukazaliwa na damu yake.

Ile fremu hapa tuisimame kidogo. Wengi wetu tumeona munara wa chuma unaosimama juu ya puits kule Kipushi, ule unaobeba magurudumu ya kamba inayoshusha watu chini. Uangalie vizuri: vyuma vimepangwa pembetatu juu ya pembetatu. Pembe nne ukiisukuma inalala, inakuwa sawa almasi. Pembetatu ukiisukuma haina mahali pa kwenda. Chapman, mtu wa madaraja, alifanya vile vile ndani ya mutoka: mirija myembamba ya chuma, iliyounganishwa kwa moto, kila moja ikivutwa ao ikisukumwa, hakuna inayokaa bule. Fremu peke yake mtu mumoja aliweza kuinyanyua. Karibu mitoka mia moja ya namna ile iliuzwa, na mwaka 1955 Chapman akaacha kazi ya aluminiyo ili atumike paka ku Lotus.

Mwaka 1957 ikaja Lotus Seven, yenye sifa kuliko zote. Haina milango ya kweli, haina paa la chuma, uzito wake kilo karibu 500 tu. Uingereza wakati ule ilikuwa inatoza kodi kubwa juu ya mutoka uliokamilika, lakini mapiese peke yake hayakutozwa vile. Sharti moja: muuzaji asitoe karatasi ya kueleza ginsi ya kuunga mapiese. Mpaka leo wapenzi wa Lotus wanasimulia kwamba Chapman alitii kabisa: aliwapa wanunuzi karatasi ya kueleza ginsi ya kuutenganisha mutoka, nao wakaisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Watu walicheka, hata leo wanacheka. Kijana mwenye mushahara wa kawaida, asiyeweza kuota mutoka wa mbio, alipata wake kwa vyombo vya mukono na siku chache za mapumziko. Na alipomaliza, aliujua kila bulo. Hakuna fundi angemudanganya.

Mimi natumika mu sendika, kwa hiyo lazima niseme hili pia. Lotus ya mwanzo ilijengwa na watu wengi waliokuja usiku, kiisha kazi yao ya mchana, bila mushahara ao na kidogo sana. Walikuja kwa mapenzi, maana Chapman alikuwa na moto unaowasha wengine. Mapenzi ni kitu kizuri. Lakini mapenzi hayaandikwi ku liste ya pensheni. Michael Allen, aliyeanza naye, alitoka hata kabla kampuni haijasimama vizuri. Jina liliendelea na mumoja.

Kutoka 1958 Chapman aliingia Formula 1, mashindano makubwa kuliko yote ya mitoka. Mwaka 1962 akaleta mutoka usio na fremu ya mirija tena: mabati yenyewe njo yalikuwa mufupa, sawa ganda la yai. Dereva wake Jim Clark, mutoto wa shamba kutoka Scotland, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1963 na 1965, na mwaka ule wa 1965 akashinda pia Indianapolis kule Marekani. Graham Hill alipata ubingwa 1968, Jochen Rindt 1970, Emerson Fittipaldi 1972, Mario Andretti 1978. Kampuni yenyewe ilipata ubingwa wa waundaji mara saba. Garaji ya Muswell Hill ilikuwa imekuwa fabriki kubwa pale Hethel, mu jimbo la Norfolk, ku kiwanja cha ndege cha zamani cha vita.

Lakini uzito una deni. Chapman alikuwa anatosha kila gramu. Chuma kikibaki kizima baada ya mashindano, kwake ilikuwa alama kwamba kilikuwa kizito mno. Wakati mwingine alikosea upande mubaya. Mwaka 1960 pale Spa, mu Ubelgiji, Stirling Moss alipotewa na gurudumu la Lotus yake katika mwendo mukali, akavunjika miguu yote miwili. Siku ile ile, pale pale, Mike Taylor aliharibikiwa na usukani wa Lotus, akaumia vibaya. Alipeleka kampuni mbele ya tribinali, akashinda. Tarehe 7 Aprili 1968 Jim Clark alikufa Hockenheim, mu Ujerumani, ndani ya Lotus. Tarehe 5 Septemba 1970 Jochen Rindt alikufa Monza, mu Italia, ndani ya Lotus. Muti wa freni ya mbele ulikatika, na ile reli ya chuma ya pembeni ya barabara haikumukinga. Alikuwa ameshapata pointi nyingi, hakuna aliyemupita mpaka mwaka ukaisha. Yeye njo bingwa mumoja tu wa Formula 1 aliyepewa ubingwa akiwa kaburini.

Sitasema kila kifo kilikuwa kosa la Chapman. Mashindano yote ya miaka ile yaliua, na mitoka ya wengine iliua pia. Lakini sisi wa mine tunaijua hesabu hii. Kila anayepunguza mbao za kushikilia paa la galeri ili kazi iende mbio anapata tani zaidi mwezi huu. Anayelipa si yule aliyepunguza. Anayelipa ni yule aliye chini.

Sasa tufike mwisho, na mwisho una uchungu.

Mwaka 1978 tajiri wa Marekani, John DeLorean, alipewa mamilioni mengi ya pauni na serikali ya Uingereza ili ajenge fabriki ya mitoka pale Dunmurry, karibu na Belfast, mu Ayalandi ya Kaskazini. Kule kulikuwa na vita ya ndani na kazi hakuna. Zile franga zilikuwa za kuwapa watu kazi, Wakatoliki na Waprotestanti wakiingia ku fabriki moja. Lotus ilipewa kazi ya kutengeneza ule mutoka ili uweze kuundwa. Lakini zaidi ya dola milioni 17 za kulipia kazi ile hazikupita ku Lotus. Zilipita ku kampuni moja ya mabarua tu, iliyoandikishwa Panama na yenye anwani Genève, na zikapotelea mule. Fabriki ilifungwa mwaka 1982. Zaidi ya watumishi 2,000 walirudi nyumbani mikono mitupu.

Tarehe 16 Desemba 1982, usiku, moyo wa Colin Chapman ulisimama. Alikuwa na miaka 54. Hakufika mbele ya muhakimu. Mwaka 1992 yule aliyekuwa anashika hesabu za Lotus, Fred Bushell, alikubali kosa lake mu tribinali ya Belfast, akafungwa miaka mitatu. Muhakimu alisema wazi kwamba Chapman, kama angekuwa hai, angepata angalau miaka kumi.

Njo huyo mtu muzima. Yule aliyeonyesha dunia kwamba mutoka wa zamani usiotakiwa, mbao, bati na akili vinatosha, ni yule yule ambaye jina lake liliingia mu franga za watumishi wa Belfast. Tundu la ile karatasi ya kutenganisha mutoka lilichekesha watu, na lilimusaidia munuzi mudogo. Tundu la Panama lilimeza mukate wa watoto. Macho yaliyotafuta yote mawili yalikuwa mamoja. Tofauti ni nani alilipa.

Lotus ingali inaishi, mikononi mwa wengine. Ile Seven pia: mwaka 1973 Chapman aliiachia kampuni moja ndogo, Caterham, na mpaka leo watu wanainunua vipande vipande na kuiunga nyumbani.

Nirudi Likasi. Wengi mu muji huu ni watoto wa watu waliotumika ku Ateliers Centraux de Panda. Baba zetu walikuwa wanachonga meno ya giya ambayo Ulaya ingeyatuma kiisha miezi mitatu. Wakati maelfu ya watumishi wa Gécamines walipotoka mwaka 2003 mu ile mupango wa kutoka kwa hiari, ule ujuzi haukutoka nao duniani. Umekaa nyumbani, juu ya mawe, sawa ule mutoka wenye kuku ndani. Vijana wetu wanatoka ku masomo ya ufundi, hawajawahi kufungua moteri moja mpaka mwisho.

Kwa hiyo wewe muzee mwenye mutoka nyuma ya nyumba, usiuuze kwa kilo ku watu wa vyuma vya zamani. Uite watoto watatu wa avenue. Watoshe moteri, waiandike kila kipande ku kaye, waisafishe, wairudishe. Kama siku moja wataujengea fremu mupya, wakumbuke pembetatu za Kipushi. Freni na usukani wasivikate uzito hata gramu moja, na kila mahali palipochomelewa papimwe na fundi mwingine kuliko yule aliyechomelea. Na franga za kununulia bulo, hata kama ni kidogo, ziandikwe ku kaye ya pili, inayosomwa mbele ya wote kila juma.

Kaye ya kwanza Chapman aliijua kuliko mtu yeyote. Ya pili njo ilimushinda.